Nani Alikung'uta Rithimu?

Hafla za kumtuza mkongwe wa muziki wa dansi zinafanana. Mshereheshaji anataja mwaka ambao mzee alianza muziki, makofi. Anataja bendi alizopitia, makofi tena. Mzee anapandishwa jukwaani ameshikwa mkono, anakabidhiwa ngao ya kioo na bahasha, anapiga picha na mgeni rasmi, kisha anarudishwa kitini. Kazi yenyewe hakuna aliyeigusa. Alipiga gita lipi? Alilipiga vipi hata likatofautiana na la mwenzake wa bendi ya mtaa wa pili? Tumempongeza kwa kuishi miaka mingi, jambo ambalo hata mimi nikijaliwa nitaliweza bila kujua kushika gita.

Nayaandika haya nikiwa Izia, Sumbawanga, mbali kabisa na Kariakoo na Chang'ombe za Dar es Salaam, ambako bendi za Msondo na Sikinde zilikuwa zikipambanishwa siku za sikukuu. Lakini umbali huu una faida yake. Huku Ufipa, kwenye uwanda unaokaribia mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, dansi tulilijua kwa masikio kabla ya macho. Redio Tanzania Dar es Salaam ilitufikia kwa mikwaruzo, usiku ikisikika vizuri kuliko mchana, na baridi ya Juni na Julai haikumpa mtu sababu ya kuzurura nje. Upande mmoja tuna Zambia na kalindula yake. Upande mwingine, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, iko Kongo na rumba yake. Sikio la mtu wa hapa lilikuwa na vya kulinganisha. Nasi hatukuwa na sare za kutazama wala unenguaji wa kutupumbaza. Tulibaki na sauti tu, na mtu akibaki na sauti tu huanza kuuliza maswali: huyu anayekatiza katikati ni nani? Mbona huyu wa chini hanyamazi?

Bendi za dansi zilijiita jazz, ingawa kilichopigwa humo kilikuwa jirani zaidi na Havana kuliko New Orleans. Dar es Salaam Jazz Band ilianza miaka ya 1930, Morogoro Jazz ikazaliwa 1944, na santuri za Kikuba zilizobandikwa herufi GV zikawa darasa la vijana wa bandarini na wa mikoani. Salum Abdallah, aliyeiongoza Cuban Marimba pale Morogoro mpaka ajali ya gari ilipomuua 1965, alizila santuri hizo akatoa kitu ambacho Mkuba mwenyewe angelazimika kujifunza upya. Kisha kila mji ukataka wake: Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Atomic na Jamhuri kule Tanga, Western Jazz jijini Dar es Salaam. Kila bendi na mtindo wake wenye jina: Saboso, Segere Matata, Kiweka, Sukuma Push. Mitindo hiyo ilikuwa zaidi ya mbwembwe za matangazo. Mtindo ulikuwa makubaliano kati ya magita na ngoma kuhusu nani aingie wapi, na msikilizaji mzoefu aliitambua bendi kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Wimbo wa dansi wa miaka ya 1970 na 1980 huwa na nyumba mbili. Ya kwanza ni ya taratibu: waimbaji wanasimulia kisa, ndoa imevunjika, ndugu amedhulumu urithi, rafiki amegeuka. Ya pili ni chemko: mwendo unapanda, maneno yanapungua, vyombo vinashika usukani na watu wanaacha viti. Katika nyumba zote mbili kuna magita matatu ukiacha besi. Solo ndilo linalosifiwa, maana linaruka juu ya wenzake na kila mtu analisikia. Gita la kati, wanaloliita pia second solo, linajibizana na solo kwa mafumbo mafupi mafupi. Halafu kuna rithimu. Mpiga rithimu anapewa mafungu machache ya sauti, pengine matatu, na anaombwa ayarudie dakika nane bila kuchoka, bila kuharakisha, bila kujionyesha. Akifanya kazi yake vizuri hakuna anayemkumbuka. Akikosea nusu ya pigo, ukumbi mzima unahisi kuna kitu kimelegea, hata kama hakuna anayeweza kusema ni nini.

Hapa Izia nilimwona mzee mmoja, aliyepata kupiga rithimu ujanani, akiwafundisha vijana wawili nyuma ya duka la vifaa vya baiskeli. Vijana walitaka solo, kama kawaida ya vijana. Mzee akawanyima. Alimpa mmoja gita, akamshikisha fungu moja tu la sauti, akamwambia apige huku mwenzake akigonga sanduku la soda. Kilichonivutia ni mkono wa kushoto wa mzee alipolichukua gita kuwaonyesha. Vidole havikukandamiza nyuzi wakati wote. Vilikandamiza, vikalegea, vikagusa tu, hata sauti ikakatwa katikati na kubaki mlio mkavu kama wa kokwa. Ule mlio mkavu ndio uliokuwa muziki wenyewe. Mkono wa kulia ulikwenda juu na chini bila kusimama, lakini kushoto ndiko kulikoamua lipi lisikike na lipi linyamaze. Kijana alikandamiza kwa nguvu zote na kupiga kila pigo likalia. "Unajaza," mzee alimwambia. "Mwachie besi nafasi apite." Hakusema zaidi ya hayo mpaka jua lilipozama.

Kumwachia mwenzako nafasi apite: kwa maoni yangu huo ndio ufundi mkubwa wa muziki wa dansi, na ndio usiotuzwa. Msikilize Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz, bendi iliyotuwakilisha kwenye maonesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Solo lake linametameta kwa sababu nyuma yake kuna watu wamekubali kutulia. Yeye alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, akiwa hajafika miaka 35, na jina lake linaishi, jambo la haki kabisa. Waliotulia nyuma yake, ni wasikilizaji wangapi wanaoweza kuwataja? Msikilize Ndala Kasheba na gita lake la nyuzi 12, sauti pana kama mvua juu ya bati. Nyuzi zile zingekuwa kelele tupu kama wenzake wasingejua kupisha.

Wapo wachache waliovuka kutoka chombo hadi chombo na kubeba ufundi wa bendi nzima kichwani. Michael Enoch alijulikana kwanza kwa solo akiwa Dar es Salaam Jazz, baadaye akawa mpuliza saksafoni, ule mdomo wa bata, na nguzo ya Mlimani Park, ndiyo Sikinde, iliyoundwa 1978. Walimwita King, wakamwita pia Ticha. Mlimani Park ya siku zile, pamoja na wapiga gita kama Abel Balthazar, Joseph Mulenga na Abdallah Gama, ilikuwa na nidhamu ya kupishana ambayo bado sijaisikia tena. Upande wa pili, Said Mabera alilishikilia solo la Msondo kwa miongo kadhaa, huku jina la bendi likibadilika kufuata chama cha wafanyakazi: Nuta mwaka 1964, kisha Juwata, kisha OTTU. Na kina mama, ambao dansi liliwapa nafasi finyu mno, akina Kida Waziri wa Vijana Jazz na Tabia Mwanjelwa wa Maquis, nao huwa wanatajwa mwishoni, kama mimi nilivyofanya sasa hivi.

Kuna jambo kuhusu bendi hizo ambalo vijana wa leo hawalijui, nalo ndilo linaloeleza kwa nini wakongwe wengi walitoka mikono mitupu. Bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika. Nuta ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, Mlimani Park ilianzia shirika la usafiri na teksi kabla ya kuhamia DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Jeshi, polisi na magereza nao walikuwa na zao. Mwanamuziki aliajiriwa, akalipwa mshahara, na hilo lilikuwa jema kwa wakati wake. Lakini gita lilikuwa la shirika. Spika za shirika, ngoma za shirika. Seremala akistaafu anabaki na randa yake. Mpiga solo alipostaafu alikabidhi gita stoo, akasaini, akaenda nyumbani. Nyimbo zenyewe zilirekodiwa studio za redio ya taifa, na sheria yetu ya hakimiliki iliyoizaa COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo, ilikuja 1999, wakati wengi wao wameshazeeka au wamezikwa.

Mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo alikuwa pale Nuta ilipoanza 1964. Alikuwa pale Mlimani Park ilipoanza 1978. Alistaafu 2013 kwa maradhi, baada ya miongo kadhaa ya kuimba na kutunga, na magazeti yaliandika kwamba mzee hakuwa na gari. Mwaka huohuo Diamond Platnumz wa bongofleva akampa moja. Watu walimsifu kijana, na mimi namsifu. Aprili 2014 Gurumo akafariki. Katika habari zote nilizosoma za lile gari, sikumbuki hata moja iliyoeleza jinsi alivyokuwa akiiweka sauti yake nzito chini ya sauti nyembamba ya mwimbaji mwenzake Hassan Bitchuka, ule mpando wa sauti mbili ambao ukiusikia mara moja huwezi kuuchanganya na wa bendi nyingine. Gari tulilielewa. Sauti tuliiacha.

Sisi Wafipa tungepaswa kuwa wa kwanza kushtuka. Bado yapo vijijini malungu, zile tanuri ndefu za udongo zinazompita mtu kimo, ambamo babu zetu waliyeyushia chuma mpaka karibu miaka ya 1930. Tanuri ilivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kikasafishwa mara ya pili kwenye tanuri ndogo, na ndipo mfua akapata jembe. Watafiti wamekuja, wamepima, wameandika. Ila ukiuliza ni fundi gani aliyejenga tanuri ile pale, na mkono wake ulijulikana kwa lipi, unajibiwa "wazee". Tuna udongo, hatuna majina. Na maarifa ya kupanga mkaa na mawe ya chuma kwa zamu, ya kujua kwa rangi ya moto kwamba kazi imeiva, yalizikwa na wenye nayo.

Marekani, ambako jazz yenyewe ilizaliwa, mfuko wa taifa wa sanaa umekuwa ukiwatuza mabingwa wa muziki huo tangu 1982. Wa kwanza walikuwa Roy Eldridge, Dizzy Gillespie na Sun Ra. Siku hizi tuzo ina dola 25,000, na fedha hizo ni nzuri, sitajifanya kuzidharau. Ninachokionea wivu hasa ni kingine. Tangu miaka ya 1990, taasisi ya Smithsonian imekuwa ikiwakalisha mabingwa hao na kuwahoji kwa saa nyingi, kila kitu kikirekodiwa: nani alikufundisha, ulishika vipi, kwa nini uliacha kupiga vile ukaanza hivi. Mwanafunzi wa kesho anakuta mwalimu yuko kwenye mkanda. Kwetu mahojiano na mkongwe hudumu dakika kumi kabla ya taarifa ya habari, na swali kubwa ni anawaonaje vijana wa bongofleva.

Sidai kwamba kila mji ujenge jumba la kumbukumbu. Sumbawanga ina redio zake, na redio hizo hupiga zilipendwa kila wiki. Mtangazaji akisoma jina la mwimbaji, basi amtafute na wa solo, wa kati, wa rithimu na wa besi, awasome. Wanaoandaa tuzo nao, badala ya kumpa mzee ngao na kumrudisha kitini, wampe gita, zima na lenye nyuzi zote, libaki lake, na wamwachie dakika ishirini aonyeshe alichokuwa akifanya huku mtu anayejua akiuliza maswali. Mwenye nyimbo zake asaidiwe kuzisajili COSOTA angali na pumzi ya kusema hii ni yangu na hii ya fulani. Hakimiliki ya mtunzi huendelea miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo kuna wajukuu ambao haki yao inategemea karatasi inayojazwa leo.

Na wewe msomaji, kama Izia, Mazwi, Katandala au kwingineko una jirani mzee anayesemekana aliwahi kupiga bendi, na siku hizi unamkuta tu kilabuni akinyonya pombe ya kimpumu, nenda na simu yako. Usimuulize alianza mwaka gani. Muulize alipiga gita lipi, na mwombe akuonyeshe vidole vilikaa wapi. Rekodi mikono yake, andika jina lake kamili na la bendi, kisha wape nakala wanawe.