Mafundo Kumi na Moja: Georg Cantor na Kamba ya Uwanda wa Makonde

Katika mambo yanayodhaniwa kuwa ni mali ya mataifa machache, hesabu hutajwa mbele. Watu hukiri upesi kwamba kila kabila lina nyimbo zake, ngano zake na mithali zake. Lakini ikitajwa hesabu ya daraja ya juu, fikira hukimbilia Ulaya, kana kwamba akili ya kupima na kulinganisha ilishushwa huko peke yake. Makala haya yataka kuipima dhana hiyo kwa kuweka pamoja vitu viwili ambavyo havijazoea kukaa katika chumba kimoja: kamba ya mafundo kumi na moja iliyoandikwa habari zake katika uwanda wa Makonde mwaka 1906, na kazi ya Georg Cantor, mwanahesabu Mjerumani wa karne ya kumi na tisa. Sikusudii kuvisawazisha. Nakusudia kuonyesha ni wapi vinakutana na ni wapi vinaachana. Kwani mhakiki asiyejua kutenga hafai kulinganisha.

Kwanza tumtazame aliyetuletea habari ya kamba. Karl Weule, aliyezaliwa mwaka 1864, alikuwa mtaalamu wa mila katika jumba la makumbusho la Leipzig. Mwaka 1906 alikuja Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, akapita Lindi, akafika Masasi, kisha akapanda uwandani mpaka Newala. Alichukua chombo cha kunasia sauti na kamera ya picha za sinema, vitu vilivyokuwa vigeni kwa zama zile. Mwaka 1908 alitoa vitabu viwili juu ya safari yake, kimoja cha wataalamu na kimoja cha wasomaji wa kawaida. Hiki cha pili kilifasiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner mwaka 1909. Jicho la Weule ni kali na mkono wake ni mvumilivu: akieleza jinsi kitu kilivyofumwa, kilivyochongwa au kilivyofinyangwa, twaweza kumwamini. Lakini akiacha vitu na kuhukumu akili za watu, sauti yake hugeuka ikawa ya mwalimu anayesahihisha madaftari ya watoto. Wala tusisahau kwamba vita vya Maji Maji vilikuwa vimeipiga nchi ile tangu mwaka 1905, na kwamba mgeni huyu alitembea na askari. Mtu aulizwaye na mwenye bunduki nyuma yake hujibu alichoulizwa, hafunui alichonacho.

Hata hivyo katika kitabu chake imo habari ndogo ambayo ina thamani kuliko hukumu zake nyingi. Mtu wa uwandani, akitaka kusafiri, huchukua kamba na kuifunga mafundo kumi na moja, kila fundo kwa siku moja. Humwonyesha mkewe: fundo hili ni leo, siku ya kuondoka, haya ni siku za njiani, la tano ni siku ya kufika, la sita ni siku ya kukaa huko, la saba ni siku ya kuanza kurudi. Humwusia afungue fundo moja kila siku, na siku ya kumi apike chakula, maana ya kumi na moja ndiyo siku ya kurejea. Kisha mume huenda zake, na kamba hubaki nyumbani.

Weule aliiona kamba hii kuwa kalenda ya watu wasio na maandishi. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Tuitazame tena. Mafundo matano ya kwenda, moja la kukaa, matano ya kurudi: fundo la sita lasimama katikati kama mhimili, na pande zake mbili zalingana. Mtu aliyeifunga alikuwa na picha ya safari nzima akilini kabla ya kuinua mguu. Tena mke hahitaji jina la namba hata moja ili kamba imtumikie. Jua likichomoza hufungua fundo. Jua jingine likichomoza hufungua jingine. Mafundo yakiisha, siku zimeisha. Hakuna kuhesabu kwa maneno. Kuna kuoanisha: siku moja na fundo moja, bila kuruka na bila kurudia. Hapo ndipo ilipo akili ya kamba, na hapo ndipo Weule alipopita bila kusimama.

Wako wengi waliopita kama yeye. Ilikuwa desturi ya waandishi wa zama zile kuyatafuta majina ya namba katika lugha za Kiafrika, na wakiyakuta machache, kutangaza kwamba akili nayo ni chache. Katika Kimakua sita husemwa kwa kuunga tano na moja. Mwandishi mwenye haraka angeuita huo ni umaskini, ilhali ni mpango wenye msingi wa mkono wenye vidole vitano. Kiswahili chenyewe kiliazima sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, si kwa kukosa, kwani mtandatu, mfungate na kenda yalikuwako. Na fungate ya maarusi yatukumbusha mpaka leo siku saba za asili. Majina hubadilika na huazimwa. Kuoanisha hakuazimwi, ni tendo la chini kabisa, ambalo majina yote ya namba yamejengwa juu yake.

Sasa tuvuke bahari. Georg Cantor alizaliwa Saint Petersburg tarehe 3 Machi 1845, mtoto wa mfanya biashara, na mwaka 1856 wazazi wake walihamia Ujerumani. Alisoma Zürich, kisha Berlin chini ya Weierstrass, Kummer na Kronecker, akapata shahada ya udaktari mwaka 1867. Mwaka 1869 alianza kufundisha katika chuo kikuu cha Halle, na huko alidumu maisha yake yote ya kazi. Alitamani cheo katika Berlin, hakukipata. Halle na Leipzig ni miji jirani. Hivyo kamba ya uwandani, ilipokuwa ikielezwa na Weule katika maandishi yake, ilielezwa karibu na mlango wa mtu ambaye angaliweza kuliko wote kutambua maana yake.

Kwani Cantor alianza mahali pale pale alipoanza mke wa msafiri. Alisema kwamba mikusanyo miwili, ambayo katika vitabu vyetu vya shule huitwa seti, ina ukubwa mmoja ikiwa kila kimoja cha huku chaweza kuoanishwa na kimoja cha kule, pasibaki kitu upande wowote. Mwandaa karamu huijua kanuni hii: akiona kila mgeni ana sahani na hakuna sahani iliyobaki, ajua sahani na wageni ni sawa, hata kama hakuhesabu. Ushujaa wa Cantor haukuwa katika kuibuni kanuni, bali katika kukataa kuiacha alipofika mahali ambapo wengine wote walirudi nyuma, yaani kwenye mikusanyo isiyo na ukomo.

Tumfuate hatua chache. Chukua namba moja, mbili, tatu na kuendelea. Halafu chukua zile shufwa peke yake, mbili, nne, sita na kuendelea. Mtu atasema za pili ni nusu ya za kwanza. Lakini oanisha moja na mbili, mbili na nne, tatu na sita: kila namba yapata mwenzake, wala hapana inayobaki. Kwa kipimo cha kuoanisha, sehemu imelingana na kizima. Galileo aliliona jambo la namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1638, akaona afadhali maneno ya sawa, kubwa na ndogo yasitumiwe huko. Wahenga wetu walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Walisema kweli, maana buyu lina kitako. Cantor aliuliza habari za buyu lisilo na kitako, akakubali jibu japo liliudhi mazoea.

Jambo kubwa lilitoka mwaka 1874, alipothibitisha kwamba namba halisi, zile zinazojaza mstari bila kuacha pengo, haziwezi kuoanishwa na namba za kuhesabia. Mwaka 1891 alitoa uthibitisho mwingine mfupi zaidi, akitumia safu zisizo na mwisho za alama mbili tu, herufi mbili. Uthibitisho huo waweza kuelezwa kwa kamba za uwandani bila kupungukiwa. Fikiri kamba isiyo na mwisho yenye nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea. Katika kila nafasi pana fundo au hapana. Mtu atokee na kudai amezipanga kamba zote za namna hiyo katika orodha, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nasi tutengeneze kamba yetu. Tutazame nafasi ya kwanza ya kamba yake ya kwanza: ikiwa na fundo, sisi tuache tupu, ikiwa tupu, sisi tufunge. Tutazame nafasi ya pili ya kamba yake ya pili, tufanye kinyume vile vile. Na ya tatu kwa ya tatu, pasipo kukoma. Kamba yetu itatofautiana na kila kamba iliyomo katika orodha, angalau katika nafasi moja. Basi haimo. Na orodha yoyote itakayoletwa itashindwa hivyo hivyo. Kwa hiyo wingi usio na ukomo si mmoja. Uko ulio mkubwa kuliko mwingine.

Uzuri wa hoja hii ni kwamba haina hila. Hakuna hesabu ndefu ndani yake, wala neno lisiloweza kufafanuliwa kwa mtu wa kawaida. Panatakiwa subira na uaminifu tu. Hata hivyo ilipingwa. Kronecker, mwalimu wake wa zamani, alishikilia kwamba hesabu ijengwe kwa namba kamili na hatua zenye ukomo, akaiona kazi ya Cantor kuwa upotofu. Wengine husimulia kwamba upinzani huo ndio uliomwangusha Cantor, aliyeshikwa na maradhi ya akili kwa mara ya kwanza mwaka 1884. Masimulizi hayo yana utamu, nami nayakataa. Maradhi yalimrudia mara nyingi, hata baada ya Kronecker kufa mwaka 1891 na baada ya yeye mwenyewe kuheshimiwa, akiwa rais wa kwanza wa chama cha wanahesabu wa Ujerumani kilichoundwa mwaka 1890. Alikufa katika hospitali ya Halle tarehe 6 Januari 1918, katika njaa ya vita. Haifai kumfanya mgonjwa kuwa pambo la hadithi. Inatosha kusema alifanya kazi kubwa, na kwamba swali alilolipenda kuliko yote, kama kuna ukubwa wowote kati ya ule wa namba za kuhesabia na ule wa namba halisi, lilimshinda. Kwa kazi ya Gödel iliyochapwa mwaka 1940 na ya Cohen ya mwaka 1963 imejulikana kwamba kanuni za kawaida za seti haziwezi kulijibu, si kwa ndiyo wala kwa siyo.

Basi kamba na kitabu vinaachana wapi? Vinaachana kwenye fundo la mwisho. Msafiri wa uwandani alifunga mafundo kumi na moja kwa sababu alitaka kurudi. Kamba isiyo na mwisho ingalikuwa kamba ya mjane. Haja yake ilikuwa na ukomo, na chombo chake kilitosha haja. Anayedai kwamba Mmakonde yule alikuwa Cantor kabla ya Cantor anamdhulumu kila mmoja wao: mmoja amnyang'anya safari yake halisi, mwingine amnyang'anya kazi ya miaka mingi. Lakini anayedai kwamba hapana uhusiano amekosea zaidi. Nyumba ya Cantor ni ndefu, na jiwe la chini kabisa katika msingi wake ni lile lile lililokuwa mkononi mwa mke aliyefungua fundo asubuhi.

Jambo hili si la kujifurahisha kwa wasomi tu. Kitangari, katika nchi ile ile ya Newala, pana chuo cha ualimu. Walimu watokao vyuo kama hicho huwafundisha watoto hesabu kwa Kiswahili katika shule za msingi, kama ilivyokuwa tangu mwaka 1967. Kisha mtoto akiingia sekondari hukutana na hesabu ile ile kwa Kiingereza, na aghalabu hudhani amekutana na elimu nyingine, ya watu wengine. Huo ndio udhani niliouanza nao, nao hauko vitabuni mwa Weule peke yake. Umo katika madarasa yetu, na mara nyingine umo katika vinywa vyetu sisi tulioelimika. Tukisema kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba fikira za Cantor, twasema neno ambalo hatujalijaribu. Katika kurasa hizi chache nimeueleza uthibitisho wake wa mwaka 1891 wote kwa kamba na mafundo, na msomaji ndiye hakimu kama kuna kilichopotea.

Weule aliichukua habari ya kamba akaipeleka Leipzig, nayo imehifadhiwa. Kwa hilo tumshukuru. Maana yake aliiacha nyuma, bila kujua kwamba anaiacha. Haimgharimu mwalimu kitu kuiokota: urefu wa uzi, mafundo kumi na moja, na swali moja kwa darasa, kwamba yule mama alijuaje siku ya kupika ilhali hakuhesabu? Mtoto atakayelijibu swali hilo vizuri ameshaingia mlangoni mwa Cantor, wala hakuna aliyemwambia kwamba mlango ule si wa kwao.