Wazo Zito, Wahusika Wepesi: Usawiri wa Yasmin na Denge katika Filamu ya Vuta N'kuvute

Filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwezi Septemba 2021. Mwaka uliofuata Tanzania iliiteua kuiwakilisha katika kuwania tuzo za Oscar, jambo ambalo halikuwa limefanyika tangu filamu ya Maangamizi mwaka 2001. Kwa upande wa picha, heshima hiyo imestahiki. Vichochoro vya Mji Mkongwe, mwanga wa taa usiku na kuta zilizokula chumvi vimepigwa kwa jicho linaloijua Unguja, na lugha inayosikika ni Kiswahili cha wenyeji, si kile cha watalii. Udhaifu wa kazi hii uko kwingine, katika ujenzi wa wahusika wake wawili wakuu.

Wazo la msingi lina nguvu ambayo tamthilia nyingi za televisheni nchini zingeitamani. Katika miaka ya 1950, Zanzibar ikiwa chini ya himaya ya Waingereza, msichana wa Kihindi aliye njiani kwenda kuozwa anakutana usiku na kijana mpigania uhuru. Mkutano huo unagusa mambo matatu kwa pamoja: rangi, ndoa na dola. Katika mji ambao Darajani ilitenganisha watu wa Mji Mkongwe na watu wa Ng'ambo, mapenzi ya namna hiyo tayari ni siasa hata kabla ya karatasi yoyote ya uchochezi kusambazwa.

Hata hivyo, wazo peke yake halimjengi mtu. Katika riwaya ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, Yasmin ana umri wa miaka 15 anapoozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka 52. Msomaji anaijua karaha yake ndani ya nyumba ile siku baada ya siku. Anapotoroka, hakimbilii ukombozi. Anakimbilia kwao, na mama yake mzazi anamkataa. Kuingia kwake Ng'ambo, kwa Mwajuma, ni matokeo ya milango iliyofungwa, na kila hatua anayopiga ina gharama inayoonekana. Kwenye filamu, Yasmin anakuwa bibi harusi, kisha mpenzi, kisha mshiriki wa harakati, na kati ya hali moja na nyingine kuna ukimya mzuri wa picha. Mtazamaji anaona kwamba amebadilika, lakini haoni anavyobadilika. Ikhlas Gafur Vora anajitahidi kuziba pengo hilo kwa macho yake, na mara kadhaa anafanikiwa, lakini mwigizaji hawezi kuigiza tukio ambalo mwandishi wa muswada hakuliandika.

Denge ana tatizo kubwa zaidi. Hotuba zake ni sahihi, na hapo ndipo anapopotea. Anazungumza kama mtu aliyezaliwa akiwa tayari na msimamo. Katika Kuli (1979), riwaya ya mwandishi huyohuyo, Rashidi anaanza akiwa mtoto wa kuli asiyejua lolote. Bandari inamfundisha, Faraji anamfundisha, hadi mgomo wa 1948 unapofika msomaji amekwishaelewa kwa nini kijana huyu hawezi kurudi nyuma. Historia yenyewe ya Unguja ilikwenda hivyo. Vita vya Ng'ombe vya mwaka 1951 pale Kiembesamaki, kwenye njia iendayo Chukwani, havikuanza na falsafa. Vilianza na wakulima waliopoteza ardhi kwa ajili ya uwanja wa ndege na kulazimishwa kuwatia dawa ng'ombe wao. Denge wa filamu hana ng'ombe wala ardhi; hana hata jambo dogo la aibu ambalo mkoloni amemtendea yeye binafsi. Kwa istilahi ya E. M. Forster, ni mhusika bapa aliyepewa kazi ya mhusika duara.

Watetezi wa filamu wanaweza kusema kwamba dakika 90 au zaidi kidogo haziwezi kuubeba uzito wa riwaya nzima, na kwamba sinema husema kwa picha, si kwa maelezo. Hoja hiyo ingekubalika kama si kwa kuwepo kwa Mwajuma. Siti Amina, ambaye mwenyewe ni msanii wa taarabu, hapewi muda mwingi kuliko hao wawili, lakini mtazamaji anamwelewa tangu anapoonekana: mwanamke anayependa starehe, anayejua bei ya uhuru wake, anayemkaribisha mgeni bila kuhubiri. Hajaelezwa, ameoneshwa akitaka kitu na akikikosa. Muda, basi, sio uliowanyima Yasmin na Denge uhai.

Suala hili lina uzito kwa sababu Vuta N'kuvute imekuwa miongoni mwa riwaya teule za kidato cha tano na sita, na wapo wanafunzi watakaoiona filamu kabla ya kuifungua riwaya, au badala yake. Mwanafunzi wa aina hiyo atatoka akijua vizuri Denge anapinga nini. Akiulizwa kwenye mtihani kwa nini ni Denge, na si kijana mwingine yeyote wa Ng'ambo, filamu haitampa jibu.