P0405 na Msimulizi Wake

Herufi moja na tarakimu nne: P0405. Ni matini fupi mno, na bado kila nafasi ndani yake ina kanuni kali kama mizani ya shairi la kimapokeo. P ni injini na giaboksi. 0 inasema msimbo huu ni wa magari ya kampuni zote. 4 inataja mifumo ya kupunguza sumu katika moshi, na 05 ni kosa lenyewe. Marekani ilianza kulazimisha utaratibu huu kwa magari ya mwaka 1996, Ulaya ikafuata, na leo fundi wa mji wa Wote au Mwingi, huku Ukambani, huchomeka kifaa chake chini ya usukani wa pikapu ya dizeli akasoma lugha ileile inayosomwa Detroit.

Akishasoma, mara nyingi hurukia maudhui: EGR, yaani vali ya kurudisha moshi kwenye injini, imekufa, lete nyingine. Hapo ndipo ninapotofautiana naye, kwa sababu fani ya matini haijasema hivyo. Maelezo rasmi ya P0405 ni kwamba mzunguko wa kihisi A cha EGR uko chini. Kufa hakukutajwa. Kilichotajwa ni umeme.

Msimulizi ni kompyuta ya gari, na upeo wake ni finyu. Hajawahi kuiona vali ile inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini ili joto la mwako lisipande mno na kuzalisha oksidi za nitrojeni. Anachokijua ni volti iliyofika kwenye pini yake. Kwa kawaida hupeleka volti 5 kwa waya mmoja, hupokea ishara kwa wa pili, na wa tatu ni ethi. Ishara ikishuka chini ya kiwango alichowekewa, hutoa kauli. Kihisi kimeharibika? Waya wa volti 5 umekatika njiani? Ule wa ishara umechubuka ukagusa bodi? Kwake yeye, visa hivyo vyote ni kisa kimoja.

Na Ukambani visa havikosi. Vumbi la barabara za ndani za Kitui Kusini huingia kwenye plagi. Malori ya mchanga hushuka kwenye mito ya msimu, nyaya zikalowa, na ile kutu ya kijani ikaanza kula shaba. Gari likilala shambani, panya naye ana lake.

Linganisha na P0401, jirani yake: mtiririko wa EGR hautoshi. Tofauti hapa ni ya utanzu. P0405 ni ushahidi. P0401 ni hitimisho. Katika magari mengi, kompyuta huamuru vali ifunguke, hutazama kihisi cha hewa inayoingia, na ikiona hewa safi haikupungua kama ilivyotarajiwa, inakisia. Huenda masizi yameziba njia huku nyaya zote zikiwa nzima. Anayesugua masizi kwa sababu ya P0405, na anayekesha akifuatilia nyaya kwa sababu ya P0401 kabla hajafungua bomba, wote wawili hawakuuliza wanasoma utanzu gani.

Kauli huhifadhiwa pamoja na mandhari yake: kasi ya gari, mizunguko ya injini, joto la maji wakati kosa lilipozuka. Wasomaji wengi huiruka sehemu hii, nami naiona tajiri kuliko zote. Kosa la asubuhi, injini baridi na gari limesimama, si sawa na lile linalozuka gari likipanda kuelekea Mbooni na waya uliolegea ukitikisika pamoja na injini.

Tena msimbo ukija na wenzake usisomwe peke yake. P0405, P0237 ya presha ya tabo na P2454 ya presha ya kichujio cha masizi zina kibwagizo kimoja: chini, chini, chini. Vihisi kadhaa huweza kushiriki laini moja ya volti 5, na kimoja kikipiga shoti huviangusha vyote. Kununua vihisi vitatu hapo ni kulipia kibwagizo.

Msimulizi wa aina hii huhojiwa kwa malumbano. Mchoro wa nyaya za gari hilo ukiwa mkononi, chomoa plagi ya kihisi, unganisha waya wa volti 5 na wa ishara kwa kipande cha waya chenye fyuzi, kisha soma upya. P0405 ikigeuka P0406, yaani juu, amesikia: nyaya hizo mbili na kompyuta ni nzima, na shaka inabaki kwa kihisi au plagi yake. Asipobadili kauli, shida iko njiani au kwa kompyuta yenyewe. Multimeta nayo hupotosha ikitumiwa kivivu, kwani waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba huonyesha omu karibu na sifuri, lakini ukibebeshwa mzigo, hata wa balbu, volti inaporomoka.

Kuna shule nyingine, ya kuziba EGR kwa kibati na kufuta msimbo kwa programu. Huo siuiti usomaji. Sumu iliyokuwa ipunguzwe inapumuliwa na mwuza maembe wa Emali.

Kwa hiyo, mwenye gari, kabla hujatoa pesa ya vali muulize fundi wako: umepima volti ngapi, kwenye waya upi? Akikosa namba ya kukutajia, usinunue bado.