Gari la Maksai Lililotiwa Injini: Ufundi wa Kejeli ya Voëlvry

Mwaka 1989 kundi la vijana wa Kikaburu lilizunguka Afrika Kusini likipiga rock kwa Kiafrikana. Ziara yao waliiita Voëlvry. Baadhi ya vyuo viliwafungia milango, Stellenbosch kikiwamo. Muziki wa magitaa ulikuwa umezoeleka nchini humo miaka mingi. Kilichowatisha wakubwa ni jinsi kejeli ya nyimbo zao ilivyoundwa.

Ufundi ulianzia kwenye majina. Ralph Rabie, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari, alijiita Johannes Kerkorrel, yaani Johannes Kinanda cha Kanisani. Bendi yake ikaitwa Gereformeerde Blues Band. Neno hilo la kwanza lilikuwa mali ya Kanisa la Kireformati, lililoutetea ubaguzi wa rangi kwa Biblia mkononi. Kulibandika kando ya blues, muziki wa Wamarekani Weusi, kulitosha kuwakera wazee kabla gitaa halijaguswa.

Tazama wimbo "Ossewa" katika albamu yao *Eet Kreef!*. Ossewa ni gari la kukokotwa na maksai, lililowabeba Makaburu katika safari yao ya kwenda bara karne ya 19. Mwaka 1938 magari hayo yalipitishwa nchi nzima kwa maadhimisho makubwa, na wimbo wa taifa wenyewe uliyataja. Kerkorrel halitukani gari hilo. Analisifu, ila analitia injini na kulikimbiza kwa mwendo wa rock and roll. Msikilizaji aliyefunzwa shuleni kuliheshimu anajikuta anacheza, na kinachotikisika ni ile heshima.

"Sit Dit Af", yaani "Izime", una ufundi mwingine. Televisheni ilianza nchini humo mwaka 1976 chini ya shirika la utangazaji la serikali. Katika wimbo, mtu anawasha televisheni yake na kukutana na Rais P.W. Botha. Beti zinasimulia, kiitikio kinaamrisha: zima! Amri hiyo ni fupi mno, kila mtu ukumbini aliweza kuipokea kwa sauti. Watu waliozoea kuamriwa na serikali wakawa wao ndio wanaoamrisha. Shirika la utangazaji liliupiga wimbo huo marufuku.

Njia ilikuwa imeshafunguliwa na James Phillips, kwa jina la Bernoldus Niemand. Katika "Hou My Vas, Korporaal" kijana aliyepelekwa jeshini kwa lazima anamsihi koplo wake amkumbatie. Maneno ya mahaba yanawekwa kambini, na ushujaa uliohubiriwa na serikali unabaki uchi: kumbe askari ni mtoto mwenye hofu.

Tusiipe Voëlvry sifa isiyo yake. Ubaguzi uliangushwa na mapambano ya Weusi walio wengi, waliolipa kwa damu, na wasikilizaji wa nyimbo hizi wengi walikuwa Wazungu. Lakini utawala ule ulihitaji vijana wa Kikaburu wavae sare bila kuuliza, na hapo ndipo nyimbo zilipolenga. Kikulacho ki nguoni mwako. Lugha, kanisa, gari la mababu na televisheni vilikuwa nguzo za utawala, na walioziumbua walikuwa watoto waliolelewa chini yake. Serikali ilishazoea kuwaita wakosoaji wake wageni au wakomunisti. Kwa wana wake wa kuwazaa, wanaoimba kwa lugha yake, shutuma hiyo ilikosa pa kushika.