Kimathi Alivyosimamishwa

Picha ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, inayojulikana zaidi ni ile ya Oktoba 1956: amelala chali kwenye machela, pingu mikononi. Ni picha ya waliomkamata. Sanamu ya bronzi ya Kevin Oduor, iliyozinduliwa na Rais Kibaki tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Kimathi anyongwe, imeipindua. Pale Mtaa wa Kimathi unapokutana na Mama Ngina, Nairobi, amesimama na magwanda ya vita, bunduki mkono wa kulia, kisu mkono wa kushoto. Nywele zilezile za msituni zimebaki, na ndizo zinazomtambulisha kabla hujasoma jina.

Kwa mtu wa Kanyangi, Ukambani, aliyezoea vinyago vya Kikamba, kazi hii inashangaza kwanza kwa mikono yake. Tangu Mutisya Munge wa Wamunyu arudi na ufundi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mchongaji wetu amekuwa akipunguza mti kwa tezo. Akikosea, kipande hakirudi. Tena mti una nyuzi: kisu chembamba cha mti kinachochomoza kikikata nyuzi hizo kitavunjika. Ndiyo maana vinyago vingi hubana mikono kiunoni au kifuani.

Bronzi haina nyuzi. Ni shaba iliyochanganywa na bati, na kwa kawaida kazi huanza kwa udongo, ambao unaongezwa na kuondolewa mpaka uso ukubali. Kisha hutengenezwa kalibu, ndani yake ikapakwa nta ya unene wa milimita chache. Nta hiyo, ikiwa kati ya kiini cha ndani na ganda la nje, ikiyeyushwa huacha uwazi, na bronzi iliyoyeyuka kwa nyuzijoto zipatazo 1,100 hujaza nafasi hiyo. Sanamu hutoka tupu ndani. Ingekuwa imejaa, uzito ungekuwa balaa, na bronzi nene ikipoa hunywea vibaya na kupasuka.

Kimo nacho kimepimwa. Mita 2.1 ni zaidi kidogo ya mtu halisi. Juu ya msingi wake, ukimtazama kutoka chini, macho yako hukata ziada hiyo na kumwona mtu, si jitu. Hapo nampongeza Oduor, maana sanamu za serikali hupenda ujitu.

Silaha zimerahisisha kazi: zinamwambia mpita njia huyu ni nani. Lakini sanamu ya Samuel Muindi Mbingu ingemtoa fundi jasho. Mwaka 1938 aliongoza Wakamba kutoka Machakos hadi Nairobi kudai ng'ombe wao walionyang'anywa, wakakaa huko wiki kadhaa bila kupigana. Ng'ombe walirudishwa, yeye akapelekwa uhamishoni Lamu. Ukimpa rungu umedanganya. Ukimsimamisha peke yake umesahau umati uliompa nguvu. Mimi ningemketisha chini, mitaani, bila msingi wowote.