Chupa ya Tom: The Great Gatsby kwa Msomaji wa Goma
Riwaya ya F. Scott Fitzgerald, The Great Gatsby (1925), husomwa mno kama kisa cha mapenzi, na marufuku ya pombe ya Marekani (1920–1933) ikafanywa pambo tu. Usomaji huo ni finyu. Katika sura ya saba Tom anamfichua Gatsby kuwa muuza pombe ya magendo, ilhali chupa ya wiski iliyo mezani ameileta yeye. Sheria ilikataza kutengeneza, kusafirisha na kuuza, si kunywa. Aibu ikamwangukia mchuuzi. Kinaya hicho si kigeni Goma, ambako kanyanga huvushwa kwa siri kuingia Rwanda. Tofauti ipo, nayo ni nzito: katika Kongo ya Wabelgiji sheria ya pombe kali ilimtazama mnywaji, tena rangi yake.