Maelezo Ndani ya Programu: Yaandikwe kwa Lugha Ipi?

Mtunga programu ya kompyuta huandika mambo ya namna mbili. Kwanza ni amri, ambazo mashine huzitekeleza. Pili ni vifungu ambavyo mashine huviruka, vilivyowekwa ili mtu atakayeirekebisha programu baadaye ajue kila amri ina kazi gani. Aghalabu vifungu hivyo huitwa "maoni". Sisi haturidhiki na istilahi hiyo. Maoni ni rai ya mtu, nayo yaweza kukubaliwa ama kukataliwa. Vifungu hivi ni ufafanuzi, na ufafanuzi ukikosewa humpotosha mrekebishaji. Twapendekeza viitwe "maelezo".

Lugha ya maelezo si jambo dogo. Mwezi Desemba 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Maneno ya kwenye kioo yalikuwa ya Kiswahili. Lakini ndani yake, kwa kuwa asili ya programu hiyo ni kampuni ya Kijerumani ya Star Division, mlikuwamo maelezo mengi ya Kijerumani. LibreOffice ilipochipuka kutoka programu hiyo mwaka 2010, watu wa kujitolea walilazimika kuyafasiri maelezo hayo kwa Kiingereza, ili wasiojua Kijerumani nao waweze kushiriki katika kuirekebisha.

Yamkini msomaji atasema: basi maelezo yetu nayo yawe ya Kiingereza kitupu. Hapo tunasita. Tuchukue mfano wa Miono, katika Halmashauri ya Chalinze, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Bagamoyo. Jina hilo ni la kijiji na pia la kata. Neno la Kiingereza litumikalo kwa kata ndilo litumikalo kwa wodi ya hospitali. Tuseme programu ya kuandikisha wagonjwa ina neno hilo katika maelezo, karibu na jina la Miono. Mrekebishaji atajuaje kama idadi iliyohifadhiwa ni ya wagonjwa watokao katika kata nzima, ama ni ya waliolazwa wodini? Mtunzi angaliandika "kata", shaka isingalikuwapo. Kadhalika "kitongoji" ni sehemu ya kijiji kwa mujibu wa muundo wa serikali za mitaa. Lakini kikifasiriwa kwa Kiingereza, mara huwa kijiji kidogo, mara kiunga cha mji.

Wala hatuungi mkono sentensi ianzayo kwa Kiingereza na kuishia kwa Kiswahili, maana humtaka msomaji azijue lugha zote mbili ndipo aelewe neno lolote. Hukumu yetu ni hii. Lugha kuu ya maelezo iwe moja, nayo itajwe mwanzoni mwa programu. Ichaguliwe kwa kuwatazama watakaoirekebisha: wakiwa ni watumishi wetu, Kiswahili chatosha, ikishirikiwa na mataifa, Kiingereza kitumike. Lakini katika hali zote mbili, maneno ya utawala wetu yabaki katika Kiswahili, na maana zake zielezwe mara moja katika faharasa.

Dawa za wananchi hugawanywa kwa kufuata hesabu za namna hii. Mfasiri asiidharau kazi hii kwa kuwa haionekani kwenye kioo.